Mtu Katika Mandhari: Maoni Juu ya Picha za Wanaoanza

Kijana anayeshika kamera kwa mara ya kwanza, hata kama kamera hiyo ni ile iliyomo ndani ya simu ya mkononi, hufanya jambo ambalo karibu kila anayeanza hulifanya: humsimamisha ndugu au rafiki yake mbele ya kitu kikubwa. Kitu hicho chaweza kuwa mlima, mbuyu, maporomoko ya maji, au bahari yenyewe. Kisha hurudi nyuma hatua nyingi ili kila kitu kiingie, na picha inapotoka, mlima umekuwa kichuguu na ndugu yake amekuwa doa. Walimu wa sanaa wamezoea kulihesabu jambo hili kuwa ni upungufu wa ufundi, nao hulisahihisha kwa kanuni mbili tatu za kupanga picha. Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba mizizi yake ni mirefu kuliko ufundi. Namna ya kumweka mtu ndani ya nchi anayoishi ni swali lililowashinda hata wapiga picha wenye sifa kubwa duniani, na liliwashinda zaidi walipokuja kwetu.

Tuanze na neno. Mandhari ni neno lililotujia kutoka Kiarabu, na shina lake lahusu kutazama. Mandhari, basi, ni kile kinachotazamwa. Mkulima aliye kazini hana mandhari. Ana konde, ana bonde, ana mpaka wa shamba na mlima unaoleta mvua. Mvuvi naye hana mandhari. Ana kilindi na mwamba, ana bamvua na maji mafu. Mfugaji ana malisho na mahali pa kunyweshea. Nchi hugeuka kuwa mandhari pale mtu anaposimama kando yake, mikono mitupu, akaangalia. Hakuna ubaya katika kusimama hivyo, kwani hata mkulima hupumzika jioni akalitazama konde lake. Lakini mpiga picha anayeanza yafaa akumbuke kwamba mtu anayemweka katika picha naye ana macho, na kwamba aghalabu ameitazama nchi ile kwa muda mrefu na kwa ujuzi mwingi kuliko yeye. Picha inayolisahau hilo huwa na watazamaji wawili, mpiga picha na mnunuzi, na kitu kimoja kinachotazamwa. Mtu amekuwa sehemu ya kitu hicho, pamoja na miti na mawe.

Mfano mashuhuri kuliko yote una jina la kwetu. Kiasi cha mwaka 1930, Martin Munkácsi, mzaliwa wa Hungaria aliyekuwa akifanya kazi katika magazeti ya Berlin, alipiga picha ya wavulana watatu wakikimbilia majini. Twawaona kwa nyuma. Miili yao ni meusi matupu dhidi ya povu jeupe, mikono imetupwa hewani, na maungo yao yameshikana na mawimbi kiasi kwamba huwezi kumtoa mmoja bila kuivunja picha nzima. Mfaransa Henri Cartier-Bresson, ambaye baadaye alihesabiwa miongoni mwa mabingwa wa sanaa hii katika karne ya 20, aliiona picha hiyo akiwa kijana, na hadi uzeeni alisema kwamba ndiyo iliyomsukuma aingie katika kazi ya kamera. Kwa miaka mingi picha imechapishwa ikiwa na maelezo kwamba wavulana hao wako Ziwa Tanganyika.

Ni picha njema, na mwanafunzi aitazame kwa makini kabla ya kuilaumu. Inafundisha kwamba umbo la mtu halihitaji kusimamishwa kama mlingoti ndipo lionekane. Kwamba mwendo waweza kumfunga mtu na maji kuliko maelezo yoyote. Na kwamba mpiga picha aliyesubiri nusu dakika hupata asichokipata aliyepanga. Inafundisha pia faida ya uchache. Hakuna mtumbwi, hakuna mti, hakuna kilima upande wa pili. Iko miili mitatu na maji, basi.

Lakini sasa tuulize swali ambalo mtoto wa Kigoma angeuliza mara moja: hapa ni wapi? Povu peke yake halijibu, maana Ziwa Tanganyika lenye urefu upatao kilomita 670 na kina kipatacho meta 1,470 si dimbwi, na mawimbi yake yamewahi kuzamisha vyombo vikubwa. Hata hivyo wako wachunguzi wanaosema kwamba picha hiyo haikupigwa Tanganyika kabisa, bali Liberia, upande wa pili wa bara, mbele ya bahari. Sina haja ya kuamua ugomvi huo. Kinachonishughulisha ni kwamba kwa muda mrefu hakuna aliyeona ulazima wa kuuliza. Picha iliyowafunza mabingwa kuona ilipita mikononi mwa wahariri na wahakiki, ikasifiwa, ikatundikwa kutani, na ilikuwa sawa kwao ikiwa maji yale ni ziwa au bahari, na wale watoto ni Waha au Wakru. Majina yao hayakuulizwa pia. Kwa maoni yangu mambo haya mawili ni jambo moja. Mandhari isiyo na mahali huzaa mtu asiye na jina, na sura zilizogeukia majini zimeurahisisha usahaulifu huo. Yule anayesema kwamba sanaa haina haja ya anwani na ajaribu kubadili maelezo ya picha ya watoto wanaooga katika mto Thames, aandike kwamba ni mto Seine, aone kama barua za malalamiko hazitamfikia.

Kutoka huku kwenye uzuri usio na mahali twende kwenye kinyume chake: picha ambazo mahali pake panajulikana hadi kwa hatua, lakini mtu aliyemo hakuwekwa kwa ajili ya uzuri wala kwa ajili yake mwenyewe. Katika miaka ya utawala wa Wajerumani ilikuwa desturi kumweka Mwafrika kando ya kitu ili kuonyesha ukubwa wa kitu hicho. Alisimamishwa kando ya mbuyu, kando ya pembe za ndovu, kando ya mwamba. Kazi yake katika picha ilikuwa kazi ya rula.

Mwanafunzi atakayetaka kuliona jambo hili katika hali yake ya utata, wala si katika hali ya maneno mepesi ya kulaani tu, atazame picha za Tendaguru. Kati ya mwaka 1909 na 1913, katika kilima hicho kilichoko bara ya Lindi, jumba la makumbusho la Berlin lilichimbua mifupa ya dinosauri. Wachimbaji walifikia kiasi cha 500 katika misimu ya kazi nyingi. Ilikuwa miaka michache tu baada ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, na nchi ile ya kusini ilikuwa bado ina majivu na njaa. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilibebwa vichwani na mabegani hadi bandarini Lindi, kisha zikapakiwa melini. Mnyama mmoja aliyeunganishwa kutokana na mifupa hiyo amesimama Berlin tangu mwaka 1937, na kimo chake kinapita meta 13.

Katika picha nyingi za huko, watu wamo mashimoni na kando ya mifupa, na mtazamaji wa Ulaya alikusudiwa ashangae: tazama mfupa, umempita mtu! Lakini kamera haina adabu ya kumtii aliyeishika peke yake. Moja ya picha zinazojulikana ni ya Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji, akiwa kazini kwenye mifupa. Huyu jina lake limehifadhiwa, na jina hilo lageuza picha yote. Hatuoni tena rula. Twaona fundi anayejua pa kugusa na pasipo kuguswa, mwenye kujua mfupa unavyolala ndani ya udongo, na udongo wenyewe, ambao katika picha nyingine ulikuwa uchafu wa kandokando, umekuwa kitu anachokisoma. Ajabu ni kwamba ufundi wa picha haukubadilika: kamera ni ile ile, jua ni lile lile. Kilichobadilika ni kwamba mikono inafanya kazi inayoeleweka, na mwenye mikono anaitwa fulani. Naona somo la picha la kidato cha pili lingeweza kukaa juu ya ulinganisho huu mmoja kwa wiki nzima bila kuchosha, na mwalimu wa historia angekaribishwa.

Mfano wa tatu ni mgumu zaidi kwa sababu unatujaribu kwa sifa. Mwaka 1949 Mwingereza George Rodger alisafiri hadi milima ya Wanuba, katika nchi ya Sudan. Miaka minne kabla yake alikuwa amepiga picha za maiti za kambi ya Bergen-Belsen, na baada ya hapo hakutaka tena kazi ya vita. Kwa Wanuba alipiga picha ya mshindi wa mieleka aliyebebwa mabegani, mwili umepakwa majivu, na picha hiyo ikaenea ulimwenguni. Miongoni mwa walioiona ni Leni Riefenstahl, mwanamke wa Kijerumani aliyekuwa ametengeneza filamu za kuwatukuza Wanazi katika miaka ya 1930. Naye alikwenda kwa Wanuba, na mwaka 1973 alitoa kitabu kikubwa cha picha za rangi kilichompatia sifa upya. Mwaka 1975 mwandishi wa Marekani Susan Sontag alikihakiki kwa ukali, akidai kwamba ibada ya nguvu na ya mwili usio na dosari iliyokuwa katika filamu za Kinazi ndiyo iliyomo katika picha za Wanuba.

Uhakiki wa Sontag ulielekezwa hasa kwa wasomaji wa Magharibi na dhamiri zao. Sisi tuna la kuongeza. Wapiga picha wa namna hii hupenda kuishusha kamera chini na kumtazama mtu kwa juu, mbingu ikiwa nyuma yake. Wanaoanza huupenda sana mtindo huo, na si bila sababu, kwa kuwa humpa mtu ukuu na huondoa takataka zote za nyuma. Lakini hebu tuorodheshe hizo takataka: nyumba ya jirani, njia iendayo sokoni, shule, baiskeli, ndoo ya plastiki, karani wa kodi. Mambo hayo yote yakikatwa, mtu hubaki na anga peke yake, na mtu mwenye anga peke yake hana mwaka anaoishi. Ndiyo maana vitabu vya aina hii hubeba majina ya msiba. Kitabu hicho cha Riefenstahl kilipotafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1974, jina lake lilisema hao ni Wanuba wa mwisho. Mirella Ricciardi, mzaliwa wa Kenya, alikuwa ametoa mwaka 1971 kitabu ambacho jina lake latangaza Afrika inayotoweka. Hata Mohamed Amin, Mwafrika Mashariki mwenzetu aliyekulia Dar es Salaam, ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia za mwaka 1984 ziliuamsha ulimwengu, aliweka jina lake mwaka 1987 juu ya kitabu kinachowaita Wamaasai kuwa ni wa mwisho. Wamaasai wangali wapo, na wana simu. Si haki, lakini, kuwatupia wageni mzigo wote. Kampeni iliyoendeshwa nchini kwetu mwaka 1967 na 1968 ya kuwataka Wamaasai waache lubega na wavae suruali ilikuwa na shabaha iliyo kinyume cha wauza kalenda, ila macho yalikuwa yale yale: pande zote mbili zilikuwa zikiangalia vazi, na aliyelivaa alikuwa kama msumari wa kulitundikia.

Zipo picha ambazo zimeepuka mitego hii bila makusudi ya kisanaa. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alifika kilele cha Kibo akiwa na mwenge na bendera. Kilele hicho kilikuwa kimeitwa kwa jina la Kaiser tangu mwaka 1889, nacho kikapewa jina la Uhuru. Picha yake kileleni tunaijua wote tangu shule ya msingi. Mpenda sanaa atasema haina mpangilio wa ajabu. Sawa, lakini mtu aliyemo hana umuhimu wa kupima urefu wa mlima, wala mlima si pambo lake. Amepanda kwa shughuli, na shughuli hiyo ndiyo iliyowaunganisha.

Hapa mtu aweza kuuliza: je, watu wetu wenyewe, walipokuwa na uwezo wa kuamua, walitaka kuonekana katika mandhari gani? Jibu limo katika masanduku ya picha ya familia. Zanzibar ilikuwa na studio za picha tangu karne ya 19, za Wagoa kama A. C. Gomes, na katika karne ya 20 ziliongezeka Unguja, Mombasa, Lamu na miji ya bara. Wateja waliokwenda huko walisimama mbele ya pazia lililochorwa: ngazi na nguzo za jumba, bustani, mnazi na mwezi, meli, baadaye ndege. Wageni wamezoea kuyacheka mapazia haya. Mimi naona ni maoni mazito juu ya mandhari. Mteja alikuwa akisema kwamba nchi inayomzunguka anaifahamu, haihitaji picha. Anayotaka ni ile anayoisafiria kwa moyo. Naye aliikabili kamera, viatu vikaonekana, mkono ukawekwa mahali pake. Aliyelipa ndiye aliyechagua. Mpiga picha wa shuleni anayemtoa mtu nje ya studio na kumpeleka mbugani hana budi ajiulize kama amempa kitu, au amemnyang'anya hiari ile.

Sasa niingie katika kazi yenyewe, kwa kuwa msomaji kijana hawezi kukaa na lawama tupu, naye ana kamera mkononi.

Shida ya kwanza ni mwanga, nayo ina historia. Kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera hakijui kinachotazamwa. Kimetengenezwa kuamini kwamba ukichanganya weusi na weupe wote uliomo katika picha utapata kijivu cha wastani, na hurekebisha kila kitu kielekee huko. Mweke mtu mweusi, aliyevaa kanzu, juu ya mchanga wa Paje saa sita mchana, na kipimo hicho kitaona weupe mwingi, kitapunguza mwanga, na uso utakuwa tundu lenye meno. Mtu hulaumiwa kwa weusi wake, ilhali kosa ni la hesabu. Siku za filamu za rangi mambo yalikuwa mabaya zaidi. Kampuni ya Kodak ilikuwa ikitoa kadi za kusawazishia rangi zenye picha ya mwanamke wa Kizungu, nazo zikaitwa Shirley, na maabara za kusafishia picha zilitumia ngozi yake kuwa kipimo cha ngozi zote. Waliokuwa watumishi wa kampuni hiyo walieleza baadaye kwamba miongoni mwa mambo yaliyosaidia kuifanya filamu iweze kubainisha rangi za kahawia ni malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao. Nyuso zetu, basi, zilinufaika kwa kufanana na makabati.

Tiba si ngumu. Mpiga picha asogee karibu na uso, apime mwanga hapo, kisha arudi mahali pake bila kubadili kipimo hicho. Mwenye simu aguse uso kwenye kioo, halafu aongeze mwanga kidogo kidogo mpaka ngozi ionyeshe uhai wake, yaani mng'ao kwenye paji, kivuli chini ya shavu, tofauti ya shavu na shingo. Mchanga utapauka. Na upauke! Hatukuja kuupiga picha mchanga.

Tiba iliyo bora kuliko hiyo ni kuchagua saa na mahali. Nchi yetu iko kati ya nyuzi 1 na nyuzi 12 kusini mwa ikweta, na jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka. Saa sita mchana macho ya mtu huwa mapango mawili. Vitabu vya upigaji picha vilivyoandikwa Ulaya humwambia msomaji asubiri mwanga laini wa jioni, kana kwamba jioni ni ndefu. Huko kaskazini ni ndefu kweli, lakini kwetu jua hushuka karibu wima, na mwanga huo ukishaanza hauna subira. Anayeutaka awe tayari kabla ya saa kumi na moja na nusu jioni, mtu wake ameshaelewa anachoombwa, mahali pameshachaguliwa. Asubuhi ni afadhali, maana vumbi bado limelala. Na ikiwa hakuna njia ila mchana, ukubalike mchana na utumike kwa akili. Chini ya mkungu au mwembe, mtu akisimama ukingoni mwa kivuli na uso ukaelekea mahali palipo wazi, mchanga wenye jua ulio mbele yake huurudisha mwanga usoni kutoka chini na kuyajaza yale mapango. Mafundi wa studio walinunua vioo na vitambaa vyeupe kwa kazi hiyo. Pwani imepewa bure. Ile picha ya kalenda, ya mtu aliyekuwa mweusi tii chini ya mgunga na jua jekundu nyuma yake, mwanafunzi na aipige mara moja ili aone jinsi ilivyo rahisi, kisha aiache. Ndiyo picha pekee ya mtu ambayo inamfaa mtu yeyote.

Juu ya ukubwa wa mtu na mlima, ambalo ndilo lililotuanzisha, siri ni umbali. Lenzi ya kawaida ya simu ni pana. Huvuta nchi nyingi ndani na kwa hiyo hukidogosha kilicho mbali. Mwanafunzi wa Moshi akimsimamisha mama yake hatua tatu mbele ya simu, Kibo pamoja na meta zake 5,895 itakaa juu ya bega lake kama kofia ya mtoto. Akirudi nyuma hatua thelathini na kutumia lenzi ndefu, mama atabaki na kimo kile kile katika picha, lakini mlima utakuwa umekua mara nyingi. Mlima haukusogea, aliyesogea ni mpiga picha, na hatua zake thelathini si kitu kwa mlima ulio mbali, ila kwa mama ni nyingi. Katika simu isiyo na lenzi ya pili kukuza huko ni kukata picha tu na kuidhoofisha, kwa hiyo asipite kiasi.

Mengine ni ya kuangalia kwa macho, nayo hayana falsafa. Mstari wa upeo wa macho usipite shingoni mwa mtu kama kisu. Mnazi usiote utosini. Miguu ya mtu aliyesimama shambani isikatwe, kwa kuwa pale ndipo anapokutana na shamba. Mguu uliozama katika tope la mpunga ni habari kuliko tabasamu. Mtu apewe kitu cha kufanya, na kiwe ni kile alichokuwa akikifanya kabla ya kamera kufika. Na aombwe ruhusa kwanza, kwa lugha ya adabu, shikamoo ikitangulia kwa mkubwa, na akikataa amekataa. Wako wanaodai kwamba picha ya mtu aliyeombwa hupoteza ukweli. Hoja hiyo haina nguvu. Mtu anayejua kwamba anapigwa picha huleta mbele ya kamera kitu ambacho mwizi wa picha hawezi kukipata: maoni yake kuhusu namna anavyostahili kuonekana.

Kwa hili nina shahidi, na anatoka katika ziwa lile lile lililoazimwa jina. Kasanga iko kusini mwa Ziwa Tanganyika; Wajerumani waliiita Bismarckburg. Huko ndiko kwao John Kiyaya, mpiga picha aliyefanya kazi mbali na studio za miji mikubwa, akiwapiga picha watu wa mkoa wake. Picha zake ziliingizwa katika mkusanyo mkubwa wa sanaa ya picha ya Afrika uliotolewa na Revue Noire ya Paris mwishoni mwa miaka ya 1990. Watu wake wako nje, juani, wamevaa walivyotaka kuvaa, nao wanaikabili kamera kama wateja wa studio wa zamani. Nchi iko nyuma yao bila kelele. Huwezi kusema kwamba ni picha za mandhari, na huwezi kuwaondoa watu hao mahali pale ukawapeleka Liberia. Katika ufundi wa mwendo na wa mistari, Munkácsi ni bingwa zaidi, wala sioni haja ya kulificha. Lakini mwanafunzi akinitaka nimchagulie mwalimu mmoja kati ya hao wawili kwa mwaka wake wa kwanza, nitamtuma Kasanga. Mwendo wa mawimbi ataufuata baadaye, atakapokwisha kujua ni mawimbi ya wapi.

Walimu watakaopenda kulijaribu jambo hili darasani wanaweza kuanza na zoezi dogo. Kila mwanafunzi amchague mtu mzima mmoja wa kijijini au mtaani kwake, ampige picha tatu mahali anapofanyia kazi: moja akiwa mdogo ndani ya nchi, moja akiwa nusu kwa nusu nayo, na moja ya karibu, nchi ikionekana kwa kipande tu, kama vile tope mikononi au magamba ya samaki kwenye kanga. Picha hizo zirudishwe kwa mwenyewe, naye aulizwe maswali mawili: ni ipi iliyo yeye, na ni kitu gani cha mahali pale ambacho mpiga picha hakukiona. Majibu yaandikwe nyuma ya picha, pamoja na jina lake kama akiridhia, jina la mahali, na tarehe.